Ukoo Usiopiga Magoti

Mliponiaga pale idarani mlinipa saa kubwa ya ukutani, zawadi nzuri kwa mtu ambaye hana tena mahali pa kuchelewa. Nawashukuru. Mliniomba pia niwaandikie machache wanaoanza kazi, na kwa kuwa saa yenyewe imenikodolea macho tangu asubuhi, nimeona nianze. Vyeo sitavitaja, maana havikunifundisha kitu. Mshahara nao sitautaja, wajukuu wasije wakasoma wakanionea huruma. Nitaandika habari za magoti. Nimeyashika Jinja, nimeyashika Mbale, na kama kuna aliyeona magoti mengi kunizidi, basi si mtu, ni mkeka wa msikiti wetu.

Niliingia kazini mwaka ule vita ilipofika Jinja. Nilikuwa nimetoka chuoni na gauni jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, nikitegemea kukuta idara ya mazoezi ya viungo yenye vifaa. Nilikuta chumba. Askari wa zamani walikuwa wamekimbia, wapya walikuwa hawajajipanga, na katikati hapo raia wema wa mji wakatusaidia kupunguza mizigo. Hata baiskeli ya mazoezi, ile ya kukanyaga bila kwenda popote, iliondoka. Wiki chache baadaye niliikuta Buwenge siku ya soko, na kijana aliyekuwa akiiuza, aliponiona na gauni langu, hakuona haya hata kidogo. Alinijia na malalamiko, akiniita Musawo, yaani mganga wa hospitali.

"Musawo, hii baiskeli yenu iko na ugonjwa," akasema. "Mimi nakanyaga, nakanyaga, haiendi!"

Nilimweleza kwamba imetengenezwa isiende. Akaniangalia kama mimi ndiye mwizi.

Basi tulijitengenezea vyetu. Seremala alituchongea vyuma sambamba vya miti ya kalitusi, ambavyo kwa hiyo havikuwa vyuma, lakini mgonjwa aliweza kuvishika akajifunza kutembea. Mipira ya ndani ya magurudumu tuliikata vipande virefu vya kuvutia kwa mguu, ili misuli ya paja ipate nguvu. Mifuko ya mchanga tuliishona kwa kaki, na kaki haikukosekana, kwa sababu askari wengi waliokuwa wakikimbia walikuwa wamegundua ghafla kwamba wao ni raia.

Lugha yangu nayo ilikuwa kifaa, ingawa chenye matatizo. Kwetu ni watu wa duka pale Jinja, Waislamu, na Kiswahili nilizaliwa nacho. Wagonjwa wangu wengi hawakukipata namna hiyo. Walikipata kwenye vizuizi vya barabarani. Nikimwambia bibi wa Kisoga, kwa upole wote nilionao, "Njoo mama, lala hapa," bibi anaanza kutafuta kitambulisho.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ochwo, mtu wa upande wa Tororo, mwembamba, mwenye vidole virefu na subira fupi. Alikuwa na tabia ya kumpokea mgonjwa kwa kumshika mkono asimwachie. Mgonjwa alidhani ni adabu. Kumbe Mzee alikuwa anapapasa viungo vya vidole, kimoja kimoja, akitafuta vinundu vya mfupa vinavyoota karibu na kucha. Alisema mkono unasema mambo ambayo goti linaficha. Na alichukia vita kuliko sisi wote, kwa sababu zake mwenyewe za kikazi. Kila mgonjwa aliyeingia pale na goti bovu alisema ni vita. Vita iliharibu mengi, sikatai, lakini kwa jinsi tulivyoisimulia pale idarani, kabla yake hapakuwa na mtu Uganda nzima aliyewahi kuchechemea.

Siku moja aliletwa sajenti kutoka kaskazini, jitu la watu, akasema goti lake lilipigwa risasi. Tukatafuta kovu, hakuna. Akasema basi labda ni mlipuko ulikuwa karibu.

"Sawa, afande," Mzee Ochwo akamjibu, mkono wake bado kaushika. "Na mama yako alipigana vita gani?"

Sajenti akacheka. "Mama? Mama natembea na fimbo tangu mimi mtoto. Na nyanya pia."

Mzee akaniangalia tu. Tangu siku hiyo, nikimaliza kuuliza habari za vita, nauliza habari za mama, za baba na za shangazi. Nanyi ulizeni, hata kama fomu mpya haina mahali pa kuandika shangazi.

Miongoni mwa wale wa vita alikuwapo Musa, mfanyabiashara wa Buwenge. Askari walimkamata walipokuwa wakikimbia, wakambebesha mizigo yao, yaani mali za jirani zake, mpaka mbali. Magoti yakaanza kulia. Nilimwamini, na bado naamini mizigo ile ilimharibu. Ila vidole vyake vilikuwa na vinundu, na vidole havibebi magunia kwa kucha. Nikauliza habari za wazazi. Mama mzima, anapiga mbio. "Baba ndiyo alikuwa natembea kama bata," akasema, "lakini yule alikuwa tu mtu wa maringo."

Nikahamishiwa Mbale. Wakati huo amani ilikuwa imetangazwa mara kadhaa, na kila ilipotangazwa tulipokea majeruhi zaidi, safari hii wakitoka upande wa Teso. Asubuhi nilikuwa na polisi na askari magereza, na mchana watu wa mji. Mmoja wao alitoka Namakwekwe, alikuwa na kiduka cha chumvi na sabuni, na aliingia akiegemea ukuta. Jina lake Yakubu. Nikajiandaa kusikiliza habari za vita.

"Vita?" akashangaa. "Mimi vita yote nilikaa kwa duka. Nilifunga mlango, nikakaa."

"Hukukimbia hata siku moja?"

"Nikimbie niache sabuni?"

Nikamshika mkono. Vinundu vilevile, mahali palepale. Nikamtazama usoni, nikamuuliza kama ana ndugu Buwenge. Akasema Musa ni kaka yake, baba mmoja, mama mmoja. Mmoja alibeba mizigo ya jeshi, mwingine alikaa kwenye kiti miaka yote, na magoti yamekwisha kwa mwendo mmoja. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Nikamuuliza Yakubu yeye anadhani ni nini. Alitazama mlango kwanza.

"Nyumbani wanajua," akasema kwa sauti ya chini. "Ni shemeji."

Hapa lazima niwaeleze wasiotoka kwetu. Busoga mwanamke akisalimu watu hupiga magoti. Si lazima apende, ndiyo salamu. Sasa ukoo wa akina Musa ulijulikana Buwenge kote kwa kiburi, kwa sababu mabinti zao, wakishafika umri fulani, wanasalimu wakiwa wamesimama, au wanainama nusu wakishika meza. Watu waliwasema miaka mingi. Wakasema ni utajiri, wakasema ni dini, wakasema wamekaa sana na Wahindi. Hakuna aliyefikiri kwamba labda yanawauma, maana kiburi kinaeleweka haraka zaidi.

Katika nyumba hiyo akaolewa Safina. Mume wake Sulaiti, mdogo wa akina Musa, alipigwa risasi kwenye kizuizi vita ilipokuwa inaisha, akamwacha na mtoto wa kike mgongoni, Rehema. Safina alibaki pale Buwenge akilima na kumtunza kila mtu. Na Safina alipiga magoti. Alishuka chini kama nguo inayoanguka na kuinuka bila kushika kitu, asubuhi na jioni, mbele ya shangazi wa mume wake ambaye hakuweza kushuka hata kuokota sindano. Shangazi huyo, senga kwa lugha ya kwao, Senga Mariamu, ndiye aliyekuwa na usemi wa mwisho katika ukoo. Alimwangalia akishuka na kuinuka miaka na miaka, akafikia uamuzi: huyu ndiye anayewaloga na kuwaibia magoti.

Miaka ya utulivu ilipokuja, wakatupeleka Kampala kusoma mambo mapya, na mwalimu mmoja akatueleza kwa maneno makubwa kile ambacho Mzee Ochwo alikuwa anakisaka kwa vidole. Ile gegedu, utando laini unaofunika ncha za mifupa, husagika. Uzito wa mwili huchangia, jeraha la zamani huchangia, kubeba na kuchuchumaa huchangia. Lakini watu hawaanzi safari na gegedu sawa. Kuna vinasaba vya kurithi, vingi, kila kimoja kikichangia kidogo, kama wake wenza wanaotia chumvi kwenye sufuria moja kila mmoja kwa siri. Mtu anaweza kurithi vingi akaishi kwa uangalifu, akatembea mpaka uzeeni. Mwingine akarithi vichache akajaza mwili na magunia, akaishia kwenye fimbo. Kurithi ni kuelekea huko, si kuhukumiwa. Nikaandika, nikarudi nimejaa elimu mpaka puani.

Niliporudishwa Jinja, Musa akaja kuniita. Kulikuwa na kikao cha ukoo, na Senga alitaka mtu wa hospitali aje aseme wazi kwamba ugonjwa huu si wa kawaida. Nilikwenda Buwenge kwa furaha isiyo na akili.

Tuliketi sebuleni. Safina akaingia na chai, akapiga magoti, akanisalimu, akainuka na sinia.

"Umeona?" Senga akasema kabla hata hajafika mlangoni. "Wewe Musawo, umeona kwa macho yako. Huyu aliingia hapa na magoti yake, sisi yetu ikaisha. Yetu ilienda wapi?"

Niliomba mkono wake. Vinundu vilikuwepo, vikubwa, vya zamani, vidole vimepinda ncha.

"Yako ilianza kuuma lini, Senga?"

"Mimi? Eh, zamani! Nilikuwa bado bibi harusi."

"Na Safina alikuwa wapi wakati huo?"

"Nani alikuwa namjua? Alikuwa bado hajazaliwa."

"Basi alianza kazi mapema."

Musa akacheka, kisha akakumbuka yuko wapi akakohoa. Mimi nikaendelea. Nikaeleza habari za damu, za baba yao aliyetembea kama bata bila maringo yoyote, za mabinti waliosingiziwa kiburi. Nilisema vizuri sana. Nilipomaliza, hakuna aliyenishukuru.

"Kwa hiyo damu yetu ndiyo mbaya," Senga akasema taratibu.

"Si mbaya, Senga. Ina mwelekeo tu."

"Nnyabo, mama wewe, sikia. Watu wa kule kijiji cha Wanyange wanakuja kuleta posa ya Rehema. Wataniuliza kuna ugonjwa gani kwa ukoo, ndiyo desturi, lazima waulize. Niwaambie mwelekeo? Mlogi, sisi tunafukuza, anaenda, nyumba inakuwa safi. Damu tunafukuza namna gani?"

Ndipo nikaelewa. Kumbe sikuwa nimemwondolea Safina kosa, nilikuwa nimempa Senga sababu nzuri zaidi ya kumtwika. Uamuzi ukatoka palepale: sherehe ya utambulisho, ya kuwapokea watu wa posa, ikipita, Safina ataondoka arudi kwao, na nyumbani kwa Rehema asikanyage kamwe, maana nani anataka mama mkwe mlogi? Wasichana wengine wa ukoo wataolewa kwa amani. Yakubu, aliyetoka Mbale kwa ajili ya kikao, alitazama sakafu. Musa alitazama dari. Wanaume wenye magoti mabovu, lakini shingo zao zilifanya kazi vizuri.

Safina akanisindikiza mpaka barabarani.

"Musawo, wakikuuliza tena, sema ni mimi."

"Unajua si wewe."

"Mimi najua. Lakini ile damu, Rehema iko nayo. Ukisema damu, nani ataoa yeye? Mimi naweza kwenda tu. Yeye abaki na jina nzuri."

Nilikasirika. Nilimwambia Rehema ana nusu ya damu yake pia, pamoja na magoti yake yale. Nikamwambia huyu mtoto anaweza asiumwe kabisa, akijitunza, akiimarisha mapaja, asibebe kupita kiasi.

"Hiyo hesabu, watu wa Wanyange wataelewa?" akaniuliza. Hakuwa ananidhihaki, alitaka kujua kweli. Nilirudi Jinja, na wiki zile niliwafokea wagonjwa wasio na hatia.

Nilialikwa kwenye utambulisho, na nilikwenda, nikakaa kati ya wanawake. Wageni wa Wanyange walikuja na vikapu, na samaki wakubwa waliofungwa kwa majani ya migomba, na msemaji wao ambaye hakuamini katika sentensi fupi. Mama wa bwana harusi alikuwa amekaa mbele, mwanamke mpana, macho makali. Safina alikuwa amewekwa nyuma, karibu na masufuria. Mzigo wake ulikuwa tayari umefungwa, niliuona mlangoni.

Rehema akatolewa ndani, amevaa gomesi ya kung'aa. Akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya wageni kama inavyotakiwa, akasalimu. Kisha, badala ya kunyamaza kama inavyotakiwa pia, akaendelea.

"Wazazi wangu, mliuliza kama kwetu kuna ugonjwa, mkaambiwa hakuna. Uko. Watu wa baba yangu wanaumwa magoti, wote. Senga alianza kuumwa kabla mama hajazaliwa. Labda na mimi nitaumwa, labda hapana. Wanasema mama ndiye analoga, na leo mkiondoka anafukuzwa. Mimi sitaki kuolewa kwa uongo huo. Mkinitaka, mnitake nikiwa na mama yangu. Mkikataa, nitabeba ule mzigo pale, twende wote."

Msemaji wa Wanyange alipotelewa na maneno, jambo ambalo nadhani halijatokea tena. Mama wa bwana harusi akamgeukia Rehema.

"Sisi hatukuja kununua ng'ombe, tufungue mdomo tuhesabu meno," akasema. "Mtoto anasimamia mama yake namna hii, mimi namtaka kwangu. Na mimi pia magoti yangu si nzuri. Lakini Senga ajibu. Ni kweli?"

"Uongo!" Senga Mariamu akasimama akishika kiti. "Damu yetu haina kitu! Musawo huyu ndiye alitia watoto maneno. Angalieni, mimi mwenyewe nitapiga magoti!"

Kazi ya senga siku hiyo ni kumtafuta bwana harusi kati ya wageni na kumtambulisha, huku senga mwenyewe amepiga magoti. Sherehe zote zilizopita alikuwa anamtuma mtu. Nilinyanyuka kumzuia, nikachelewa. Alikwenda mpaka mbele ya kijana akisukuma kiti chake, akakiachia, akashuka. Nilisikia sauti ya magoti yale kutoka nilipokuwa. Akamtaja bwana harusi kwa jina, sauti imara kabisa, na wanawake wakapiga vigelegele. Nakiri niliona fahari kwa ajili yake.

Kisha ikabidi ainuke.

Alijaribu mara ya kwanza, tukadhani anajipanga vizuri. Alijaribu tena, jasho likamtoka. Musa akaenda kumsaidia, akainama, akakwama katikati na kushika mgongo wa kiti cha mgeni. Yakubu akaja, akafika kwa shida, akasimama juu ya shangazi yake akinyoosha mkono usiofika. Binamu zao wawili wakasogea na kutazamana. Ukoo mzima ukasimama kumzunguka yule mama, wa kila umri, wamevaa vizuri, na hakuna mmoja aliyeweza kwenda chini. Wageni walitazama. Hakukuwa na haja ya mtaalamu kutoka Kampala.

Safina alikuwa bado karibu na masufuria, kitambaa mkononi.

Senga hakugeuka. Alikuwa anatazama mkeka, na machozi yalikuwa yanamtoka.

"Safina," akaita. "Ukienda, mimi nitainuliwa na nani?"

Safina aliweka kitambaa chini. Hakuharakisha, nami nisingeharakisha. Alipita katikati ya wageni, akapiga magoti mbele ya Senga Mariamu, wakawa uso kwa uso, akangoja mpaka yule mzee alipoinua macho akamtazama. Ndipo akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akasimama naye.